Maswali na Majibu: Kumtegemea Mungu kwa Riziki, na Hesabu za Nyumbani

Barua tatu kati ya zilizotufikia zinauliza jambo moja kutoka pande tofauti: Mkristo anayeamini kwamba Mungu humruzuku afanye nini na mshahara, akiba, deni na njaa? Tumezifupisha na kuondoa majina ya walioziandika.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu na nina genge la mboga na nyanya. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo, kwa mshahara mdogo lakini wa uhakika. Mwanzoni mwa mwaka alihudhuria mkesha mmoja ambako aliambiwa kwamba Mungu anamwandalia gari lake mwenyewe. Aliacha kazi, akatoa akiba yetu yote kama mbegu, yaani sadaka ya kutarajia baraka, na tangu hapo anafunga, anaomba na kusubiri. Nikimuuliza kuhusu kodi ya nyumba hunijibu kwa Mathayo 6, na kwa habari za George Müller ambaye, kwa maelezo yake, alilisha maelfu ya yatima kwa maombi peke yake. Binti yetu amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni, nami nimeweka fedha za mahitaji yake bila baba yake kujua, kwa sababu zikionekana zitakwenda madhabahuni. Je, nimekosa imani? Je, ni kweli ninazuia baraka ya nyumba yangu, kama anavyosema? – Mama, Iringa

JIBU: Amina, mama. Nianze na hilo la kuzuia baraka, kwa kuwa naona ndilo linalokulemea zaidi. Yule mjane aliyemlilia Elisha katika 2 Wafalme 4, ambaye mdai wake alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, hakukemewa kwa kulitaja deni lake mbele ya mtu wa Mungu. Aliulizwa ana kitu gani nyumbani. Muujiza wake ulianzia kwenye chupa ya mafuta aliyokuwa nayo, ukapitia vyombo vitupu alivyoazima kwa majirani, ukaishia sokoni, kwa maana nabii alimwagiza ayauze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kilichosalia. Mke anayeuliza kodi italipwa na nini yuko katika njia ile ile aliyopita mama huyu, na sioni andiko linalomwita mpinzani wa baraka.

Kuhusu Mathayo 6, tuwakumbuke waliokuwa wakisikiliza. Walikuwa wengi wao watu wa jembe na nyavu, na Bwana Yesu hakuwaambia waviweke chini siku ile. Alichowakataza ni kusumbuka, ile hofu inayomfanya mtu aishi kana kwamba hana Baba. Aliposema kwamba ndege wa angani hawapandi, wala hawavuni, wala hawakusanyi ghalani, hoja yake ilikuwa kwamba ikiwa Baba huwalisha hao wasiopanda, si zaidi sana ninyi mnaopanda na kuvuna? Mume wako ameigeuza hoja hiyo, akawafanya ndege kuwa kielelezo cha kuacha kupanda.

Habari ambayo wahubiri wa kusubiri huipenda zaidi ni ile ya mana, nayo ndiyo inayowapinga zaidi. Ukisoma Kutoka 16 taratibu utaona kwamba mana haikuanguka ndani ya hema wala mdomoni mwa mtu. Kila asubuhi watu walitoka wakaokota, kila mmoja kwa kadiri ya watu wa hema lake, na jua lilipokuwa kali iliyobaki iliyeyuka, kwa hiyo aliyelala hakula. Waliobakiza ya kesho kwa kutoiamini ahadi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Hata hivyo, siku ya sita Mungu yuleyule aliwaagiza waokote maradufu na kuweka akiba kwa ajili ya Sabato, na akiba hiyo haikuharibika. Kumbe akiba haikuwa dhambi yenyewe. Kilichopimwa ni kama mtu ameisikia sauti ya Mungu kuhusu siku ile. Tena kuna mstari mmoja ambao sijausikia ukihubiriwa katika mikesha ya namna hiyo, Yoshua 5:12, unaosema kwamba mana ilikoma siku iliyofuata baada ya Israeli kula mazao ya nchi ya Kanaani. Kwa miaka 40 walikuwa wameilisha midomo yao kwa muujiza wa kila asubuhi, na muujiza huo ulikoma bila mtu yeyote kukosea, kwa sababu sasa walikuwa na mashamba. Mungu hakuacha kuwalisha. Alianza kuwalisha kwa njia ya jembe. Lori lile la tajiri wake, mama, ndilo lililokuwa shamba la mume wako, na kuliacha ili kusubiri mana ni kurudi nyuma ya Yordani.

Sisemi kwamba Mungu hamwiti mtu kuacha kazi. Mathayo aliitwa kutoka forodhani, na Petro kutoka kwenye nyavu. Lakini wote wawili waliitwa waifuate kazi nyingine, yenye jasho na mateso, na Petro hakuahidiwa mashua kubwa zaidi.

Sasa George Müller. Mume wako ana haki ya kumpenda mtu huyu, ila ni vizuri amjue vizuri. Alizaliwa Prussia mwaka 1805, akahamia Uingereza, na mwaka 1836 alifungua nyumba ya kwanza ya yatima katika mji wa Bristol. Kufikia mwaka 1870 kulikuwa na majengo 5 makubwa pale Ashley Down, yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Ni kweli kwamba hakumwomba mtu fedha bali alimwomba Mungu, na zilikuwepo asubuhi ambapo kifungua kinywa hakijulikani kitatoka wapi. Lakini mtu huyo aliandika kila kilichoingia na kila kilichotoka, akawapa waliotoa stakabadhi, akatoa taarifa ya hesabu kwa umma kila mwaka, na akakataa katakata kuingia katika deni, hata kwa mkate wa siku moja. Zaidi ya yote, alikuwa kazini. Alikuwa akiomba kwa ajili ya matumbo ya watoto wa watu wengine, waliokuwa chini ya ulinzi wake, si kwa ajili ya mali yake mwenyewe, na alipofariki mwaka 1898 hakuwa tajiri. Mkristo anayetaka kumfuata Müller ajiulize kwanza daftari lake la hesabu liko wapi, na ni mtoto wa nani anayelishwa kwa maombi yake. Kwa sasa, mama, anayelisha nyumba hiyo kwa maombi na kwa mikono ni wewe.

Kuhusu mbegu, nitasema kwa uwazi ambao huenda ukanigombanisha na baadhi ya watumishi wenzangu. Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea waliokuwa wakiitangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwajibike kuwatunza baba na mama zao. Aliita jambo hilo kulitangua neno la Mungu. Sadaka iliyochukuliwa katika kodi ya nyumba na mahitaji ya mtoto iko karibu sana na Korbani, hata ikitolewa kwa machozi ya furaha. Mtume Paulo, alipokuwa akiwachangisha Wakorintho, aliandika kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Na wanaomtaja yule mjane wa senti mbili katika Marko 12 wasome pia mstari wa 40, unaotangulia habari yake, ambapo Yesu anawahukumu viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane.

Kinachobaki ni fedha ulizozificha. Kuzitenga kwa ajili ya binti si kukosa imani, kwa maana 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wa nyumbani mwake ameikana imani. Siwezi hata hivyo kukushauri uishi na siri hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu siku itakapofichuka mazungumzo yatakuwa juu ya uaminifu wako wala si juu ya shule ya mtoto. Nunueni kwanza vile vinavyohitajika, godoro, sanduku, sare na madaftari, kwa sababu vitu hivyo havitolewi madhabahuni kwa urahisi kama noti. Kisha waende kwenu wasimamizi wa ndoa yenu, na mzee mmoja ambaye mume wako anamheshimu, wamsikilize kabla ya kumrekebisha. Mwanamume anayefunga na kuomba miezi mingi bila kupata anachosubiri mara nyingi anajua moyoni kwamba mambo yamekwenda kombo, ila haoni mlango wa kurudia bila kuaibika. Mkimfungulia mlango huo kwa upole, hata kwa kibarua cha udereva wa siku moja moja, mtakuwa mmemsaidia kuliko mkimshinda kwa mistari, hii yangu ikiwemo.

SWALI: Mchungaji, mimi ni fundi ujenzi, bado sijaoa. Nimejiunga na VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na ninafikiria kukata bima ya afya. Mhubiri mmoja alisema kwamba mambo hayo ni kumtegemea mwanadamu, akasoma Yeremia 17:5 kuhusu laana. Rafiki yangu mwingine aliyeokoka anasema akiba ni ya watu wasiomjua Yehova-yire, yaani Mungu anayeruzuku, na yeye akikwama hukopa. Nani yuko sahihi? – Kijana, Kahama

JIBU: Kijana wangu, mstari huo una sehemu ya pili ambayo haipaswi kukatwa: aliyelaaniwa ni yule ambaye moyoni mwake amemwacha Bwana. Yeremia alihudumu katika siku ambazo wakuu wa Yuda walikuwa wakilitumaini jeshi la Misri liwaokoe na Babeli huku wakikataa kutubu. Hakuwa akizungumza na fundi anayetaka kuhakikisha kwamba akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mama yake hatauza shamba ili kumtibu.

Biblia ina habari ndefu ya akiba ambayo Mungu mwenyewe aliianzisha. Katika Mwanzo 41 Yusufu anaifasiri ndoto ya Farao, na ushauri unaofuata ufunuo huo ni wa kiofisi kabisa: kuteuliwa wasimamizi, kutozwa sehemu ya tano ya mazao katika miaka 7 ya shibe, na nafaka kuwekwa katika maghala ya mijini. Yusufu alikuwa na uhakika kwamba neno hilo limetoka kwa Mungu, na ndiyo maana alijenga ghala. Ukimweka kando yake yule tajiri wa Luka 12, ambaye naye alitaka maghala, utaona mahali wanapoachana. Tajiri yule anazungumza na nafsi yake tu, anasema mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, na hakuna mdomo wa mtu mwingine unaotajwa katika mpango wake. Ghala la Yusufu lililisha Misri, likawalisha na ndugu waliomuuza.

Kwa kipimo hicho, kikundi chako cha VICOBA, kikiendeshwa kwa uaminifu, kina mambo ambayo kanisa lingeweza kujifunza. Mnanunua hisa kila wiki mbele ya macho ya wote, sanduku lina funguo zaidi ya moja zinazoshikwa na watu tofauti, na uko ule mfuko wa jamii ambao mwenzenu akifiwa au kuuguliwa anapewa. Bima nayo ni watu wengi walio wazima leo wakimchangia aliyeugua leo. Ndugu zetu Walutheri hujifunza tangu kipaimara, katika Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, kwamba tunapoomba riziki ya kila siku tunaomba chakula na mavazi, lakini pia serikali njema, hali nzuri ya hewa, afya, marafiki wema na majirani waaminifu. Wanakikundi wenzako wamo katika sala hiyo. Kuwakataa kwa jina la imani ni sawa na mtu aliyeombea mvua akalalamika kwamba imekuja na mawingu.

Rafiki yako ndiye ninayemhofia. Anasema hategemei wanadamu, kumbe anawategemea kila mwezi, na tena wale wabaya zaidi. Ikiwa mikopo yake ni ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu, ambayo riba yake hupanda kwa wiki na dhamana yake ni televisheni, kitanda na kadi ya benki ya mkopaji, basi anachokiita kumngojea Yehova-yire kinalipwa na mtu mwingine, mara nyingi mama yake au mke. Ibrahimu alipopaita mahali pale Yehova-yire, katika Mwanzo 22, alikuwa amepanda mlimani na kuni zake mwenyewe zilizokwisha kukatwa. Mshauri alipe kwanza anachodaiwa, kisha mkaribishe katika kikundi chenu, mkimdhamini kwa kiasi ambacho hamtaumia akishindwa.

SWALI: Mimi ni mfugaji na mzee wa kanisa. Katika ukame uliopita nilipoteza karibu ng'ombe wote, na wajukuu wangu walilala njaa. Jirani yangu, mcha Mungu kuliko mimi, alipoteza kila kitu. Jumapili moja nilipangiwa kusoma Zaburi 37 na nilipofika mstari wa 25, nilishindwa kuusoma kwa sauti. Je, neno hili ni kweli? Na je, nilikuwa na haki ya kunyamaza? – Mzee, Kajiado

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kwa wasomaji wasioukumbuka, mstari huo unasema: "Nalikuwa kijana nami sasa ni mzee, Lakini sijamwona mwenye haki ameachwa, Wala mzao wake akiomba chakula." Ukame unaoutaja, uliokuja baada ya mvua za misimu 5 mfululizo kupungua kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, uliua mifugo ya wacha Mungu na ya wasiomcha bila kuuliza, na mtu asikuambie kwamba ng'ombe wako walikufa kwa sababu ya kasoro katika sala zako.

Zaburi ile ni ushuhuda wa mzee mmoja juu ya yale aliyoyaona, na Biblia iliyouhifadhi ushuhuda huo imehifadhi na mwingine kando yake. Lazaro wa Luka 16 aliomba makombo mlangoni pa tajiri hadi akafa, na malaika wakamchukua mpaka kifuani kwa Ibrahimu. Njaa yake haikuwa hukumu. Waebrania 11, sura tunayoisoma tukitaka kuwasifu mashujaa wa imani, inawataja wengine waliotangatanga wakiwa wahitaji, na inasema ulimwengu haukustahili kuwa nao. Paulo aliwaambia Wafilipi kwamba amefundishwa kushiba na kuona njaa. Mtume huyo, aliyeshona hema kwa mikono yake ili asimlemee mtu, hakuona aibu kuandika kwamba kuna siku alikosa. Na alipowaandikia katika barua hiyohiyo kwamba Mungu wangu atawajaza kila mnachokihitaji, alikuwa kifungoni na amekwisha kupokea kutoka kwao msaada ulioletwa na Epafrodito. Ahadi ile ilitumwa kwa watu waliokuwa wametoka kuwa jibu la sala ya mwingine.

Hapo ndipo ninapousoma tena mstari wako. Mstari wa 26, unaofuata mara moja, unasema mwenye haki mchana kutwa hufadhili na kukopesha. Mzee wa Zaburi aliishi kati ya watu wa namna hiyo, na huenda ndiyo sababu hakumwona mtoto wa mwenye haki akiomba chakula. Kanisa la kwanza lilielewa hivyo. Katika Matendo 11 nabii Agabo alitabiri njaa kubwa, nayo ikatukia siku za Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia walipousikia unabii huo waliazimu kupeleka msaada kwa ndugu waliokaa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa, wakaukabidhi kwa Barnaba na Sauli. Nasikitika kwamba wakati wajukuu wako walipolala njaa yalikuwepo makanisa, hata yetu ya mjini, yaliyokuwa yakichangia vipaza sauti vipya.

Kuhusu kunyamaza kwako madhabahuni, Habakuki 3 inaonyesha kwamba mtu anaweza kuhesabu mbele za Mungu kila kilichokosekana, mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, zizi lisilo na kundi, na bado akamfurahia Bwana. Lakini nabii alifika huko baada ya kuuliza "hata lini" katika sura ya kwanza, wala hakulazimishwa kuruka hatua hiyo. Ulikuwa na haki ya kunyamaza. Zamu yako ikifika tena, usome mstari wa 25 pamoja na wa 26, na katika kikao cha wazee mwulize mweka hazina kanisa lenu lina nini kwa ajili ya jirani yako, ambaye bado hana hata ndama.